Viti vya wanafunzi kwenye viwanja vya vyuo Marekani: tiketi zigawiwe vipi?

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Humu najua wapo ndugu zetu wengi walioko vyuoni Marekani, na wapo wazazi ambao watoto wao wanaondoka Agosti. Naleta jambo nililokaa nalo misimu miwili: viti vya wanafunzi kwenye mechi za mpira wa Kimarekani, na namna tiketi zao zinavyogawiwa. Nimelishika kwa mikono yangu, kwa hiyo mtanivumilia nikiwa mrefu.

Kwanza tuelewane ukubwa wake. Mtu akisikia "mechi ya chuo" anafikiria bonanza la kitivo, watu mia tatu na spika mbili. Hapana. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan pale Ann Arbor unaingiza watu 107,601. Penn State, Ohio State, Texas A&M, Tennessee na Alabama wote wamevuka laki moja. Kwa Mkapa ni 60,000, na sisi tunauona mkubwa. Mji wa State College, ilipo Penn State, una wakazi kama 40,000, halafu Jumamosi ya mechi uwanja peke yake unabeba watu zaidi ya 106,000. Na yote hayo ni kwa mechi kama saba tu za nyumbani kwa mwaka.

Mimi nilikuwa msimamizi wa jukwaa la wanafunzi kwenye chuo kimoja kikubwa huku majimbo ya kati, sitakitaja. Koti la njano, tochi, karatasi ya ramani ya viti. Viti vyenyewe si viti, ni mabenchi marefu ya alumini. Kila mahali pa kukaa pamechorwa namba, na kutoka namba hadi namba ni inchi 18. Pima kwa mkono wako, ni shubiri mbili. Hizo shubiri mbili ndizo ofisi ya tiketi inauza.

Jumamosi moja ya Novemba nilihesabu safu moja ya chini yenye namba 24. Walikuwemo watu 37. Hakuna aliyeghushi tiketi, wote walikuwa nazo halali, ila nyingi zilikuwa za safu za juu. Wanafunzi huku hawakai, wanasimama mechi nzima. Nusu wanapanda juu ya benchi, nusu wanabaki kwenye ubao wa kuwekea miguu, hivyo benchi moja linazaa safu mbili. Rafiki anamvuta rafiki. Wakishajaa wanamwagikia kwenye ngazi, na ngazi ndiyo njia pekee ya kumtolea mtu akizimia.

Akaja binti mmoja dakika kumi kabla ya mechi kuanza, ana tiketi ya namba 11 ya safu ileile. Akanionyesha simu yake. Nikamulika tochi, namba 11 iko chini ya buti za kijana wa watu, na pembeni yake vijana wengine watatu wamekumbatiana, hawana hata pa kusogea. Ningewatoaje? Nikamwambia apande juu. Hakubisha. Alipanda mpaka karibu na mwisho kabisa, ambako mabenchi yalikuwa matupu, akasimama peke yake na kofia yake ya sufi. Wakati wa mapumziko nilipoangalia juu hakuwepo tena.

Kwa hesabu za ofisi, jukwaa lile siku ile lilikuwa limejaa barabara.

Ninachokiamini ni hiki: shida ya viti vya wanafunzi inatengenezwa mezani, wiki kadhaa kabla ya mechi, halafu inatupiwa kijana wa koti la njano aimalize kwa tochi. Mahali pawili ndipo inapozaliwa. La kwanza, tiketi inaskaniwa geti la nje tu, ukishapita hapo uwanja ni wako. La pili, kiti kinauzwa kwa mtu mmoja mmoja wakati vijana wanakuja kwa makundi. Ukiwauzia marafiki sita viti sita vilivyotawanyika, ujue umewauzia ugomvi, maana watakaa pamoja hata iweje.

Naomba michango, hasa kutoka kwa waliosoma vyuo vingine.

#2 Mdau wa Temeke

Mkuu umeeleza vizuri. Ila mimi najiuliza, namba za nini? Huku kwetu mzunguko hauna mambo mengi. Dabi ya Kariakoo mtu anaingia asubuhi, anachagua pake, anakaa na maji yake mpaka jioni. Aliyewahi kawahi. Kwa nini na wao wasifanye hivyo, kila mwanafunzi akavuna jasho lake?

#3 Mleta uzi

Swali zuri sana kaka, na hata huku limewagawa. Michigan walijaribu hasa unachosema. Msimu wa 2013 waliwaondolea wanafunzi viti vya namba, ikawa wa kwanza kufika wa kwanza kukaa, ili jukwaa lijae mapema na televisheni isionyeshe mabenchi matupu. Wanafunzi walilalamika kweli kweli, na msimu uliofuata utaratibu ukabadilishwa tena. Bei nayo ikaja kushushwa hadi dola 175 kwa msimu wa 2015. Malalamiko yao yalikuwa na hoja: mwenye kazi ya asubuhi ya Jumamosi, mwenye maabara, mwenye mtoto, hawa wote wanaadhibiwa kwa sababu hawana saa nne za kusimama kwenye foleni.

Lakini kinachonitisha zaidi ni usalama. Ukiondoa namba, thamani yote ya tiketi inahamia kwenye sekunde ambayo geti linafunguliwa. Na wakishaingia, wote wanataka safu za chini. Tafuteni habari za Camp Randall, uwanja wa Wisconsin pale Madison, Oktoba 30, 1993. Wisconsin waliifunga Michigan 13 kwa 10, wanafunzi wakateremka kutoka juu wakitaka kuingia uwanjani. Waliokuwa chini wakabanwa kwenye vyuma na uzio. Watu zaidi ya 70 waliumia, wengine walikutwa hawapumui. Wachezaji, waliotoka kucheza muda uleule, ndio waliokuwa wanawavuta watu kutoka kwenye lundo. Hakuna aliyekufa, na kila nikisoma habari zile nashindwa kuelewa walinusurikaje.

Sisi Watanzania hatuhitaji kuelezwa jambo hili kwa mfano wa mbali. Machi 2021 pale Uhuru, watu 45 walikwenda kumuaga Rais Magufuli hawakurudi nyumbani. Umati haujui kama umekuja kwa furaha au kwa msiba, ukisukuma unasukuma tu.

#4 Mdau wa Texas

Nimesoma Texas A&M, naomba niwaeleze tulivyokuwa tunafanya, maana nadhani ndicho mleta uzi anachokitafuta.

Kule tiketi ya mwanafunzi haina kiti mpaka wiki ya mechi. Unakuwa na pasi ya michezo uliyoinunua, halafu wiki ile unakwenda "kuvuta" tiketi. Jumatatu ni ya mwaka wa nne, Jumanne ya mwaka wa tatu, Jumatano mwaka wa pili, Alhamisi mwaka wa kwanza. Mmoja anaweza kuvuta kwa niaba ya kundi, anabeba pasi za wenzake, mnapewa viti vilivyoshikana. Mechi kubwa watu wanalala nje na mahema. Mimi nimelala. Nilikuwa na wenzangu watatu, mmoja Mkenya wa Kisumu, tunapokezana zamu, mwingine anakwenda darasani mwingine anabaki na godoro. Foleni ipo, lakini iko mbali na geti, na inatokea siku kadhaa kabla. Siku ya mechi kila mtu anajua pake, anaingia kwa raha zake.

Na wanafunzi tunasimama mechi nzima, ni mila. Sisi tunaita mashabiki "mchezaji wa 12", na huko nyumbani mnaita hivyohivyo, lakini kule A&M lina kisa chake. Januari 2, 1922, Dallas, timu ilikuwa inaishiwa wachezaji kwa majeruhi. Kijana mmoja, E. King Gill, alikuwa ameshaiacha timu na amehamia mpira wa kikapu, siku ile alikuwa jukwaani na waandishi wa habari. Kocha akamwita, akashuka, akavaa jezi, akasimama pembeni mpaka mwisho akisubiri kuitwa. Hakuingia. Mechi waliishinda 22 kwa 14. Kusimama kwa wanafunzi ni kumuiga yeye: tupo tayari tukiitwa.

Kwa hiyo mkuu, wanafunzi wa kule hawapewi kona ya uwanja. Wako ubavuni, upande wa mashariki, kuanzia chini mpaka juu.

#5 Mleta uzi

Asante sana. Hapo kwenye "foleni iko mbali na geti" umesema jambo ambalo mimi nilizunguka aya nzima bila kulifikia. Penn State wao mahema yanapigwa palepale nje ya Geti A, wanapaita Nittanyville, na vijana wanajipangia wenyewe utaratibu wa zamu na orodha. Nawaheshimu kwa hilo, kuna moyo mkubwa pale. Ila bado nisingependa geti ndiyo liwe mahali pa kugombania kiti.

Wa Alabama hakuna humu?

#6 Mdau wa Tuscaloosa

Nipo. Nilikuwa nasoma kimya kimya.

Kwetu shida ilikuwa nyingine, wanafunzi wanakuja lakini hawabaki. Timu inaongoza kwa mabao mengi mapumzikoni, jukwaa linaanza kukonda. Kocha Nick Saban alilisema hadharani mara nyingi, lilimkera. Mwaka 2019 chuo kikaleta programu ya simu ya kuhesabu pointi: ukija unapata 100, ukibaki mpaka robo ya nne unaongezewa 250. Simu yako ndiyo inayotoa taarifa kwamba bado upo uwanjani. Pointi zikiwa nyingi unatangulizwa kwenye tiketi za mechi kubwa za mwisho wa msimu.

Mimi niliona ni haki. Mtu anachukua tiketi, anapiga picha na marafiki, anaondoka, na aliyeikosa yuko bwenini anatazama kwenye televisheni.

#7 Mleta uzi

Dada, kuhesabu mahudhurio nakuunga mkono. Aliyekuja mechi tano atangulie kuliko aliyekuja moja, hiyo hata mtoto anaielewa. Lakini kumfuatilia mtu kwa simu mpaka robo ya nne hapana, na nitasema kwa nini.

Muda wa mechi haupangwi na chuo, unapangwa na televisheni. Mechi moja inakula zaidi ya saa tatu kwa sababu ya matangazo. Septemba ya Alabama, mchana, alumini imepigwa na jua, mtoto amesimama tangu saa mbili kabla ya mechi kuanza. Akiondoka robo ya tatu akatafute maji na kivuli, mimi namwona ana akili. Nilishabeba mmoja aliyeanguka, mikono yake ilikuwa ya baridi na jasho halitoki tena. Alikuwa amekataa kutoka kwa sababu wenzake watampotezea nafasi. Ukitaka wabaki, weka maji ya bure kwenye mdomo wa kila jukwaa, pale pa kuingilia, na uruhusu mtu aende kwenye kivuli kisha arudi mahali pake. Anayejua kwamba kiti chake kitamsubiri harudi nyumbani.

#8 Mdau wa hesabu

Naona wote mnaongea kwa moyo, ngoja niongee kwa daftari. Idara ya michezo ya chuo kikubwa ni biashara. Kiti cha katikati ya uwanja, mfadhili analipa mchango wa kila mwaka ili tu apate ruhusa ya kukinunua, halafu ndipo analipa tiketi yenyewe. Sasa tangu Juni 2025 mahakama ilipopitisha yale makubaliano ya kesi ya House, ya wanamichezo dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, chuo kinaweza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kikomo ni dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Hela hizo zinatoka wapi? Tennessee waliongeza asilimia 10 kwenye bei za tiketi kwa ajili hiyo, wakatangaza waziwazi. Mwanafunzi anayelipa kiduchu kukaa ubavuni ni hasara inayoonekana kwa macho. Mpelekeni nyuma ya goli, bado ataona mechi.

#9 Mleta uzi

Mkuu, daftari lako ni sahihi kwa msimu huu. Tatizo ni kwamba limeandikwa kwa msimu huu tu.

Yule mfadhili anayelipa mchango kila mwaka alitoka wapi? Miaka 30 iliyopita alikuwa amesimama kwenye benchi la wanafunzi, amepakwa rangi usoni, sauti imekauka. Nimewaona, wanakuja na wajukuu, wanaonyesha kwa kidole: "Nilikuwa pale." Kule wanakoonyesha si viti walivyonavyo sasa, ni jukwaa letu. Ukimpeleka mwanafunzi pembeni asikoona mchezo, akaacha kuja akiwa na miaka 19, hutamwona akiwa na 50.

Na kuna hili: bendi, nyimbo, kelele zinazomfanya quarterback, yule anayepanga mashambulizi ya timu pinzani, asisikike na wenzake, zote zinatoka kwenye jukwaa hilo. Televisheni inalipa kwa sababu ya kelele zile. Mashabiki waliokaa kwenye viti vya mito hawapigi kelele, nawapenda lakini hawapigi.

Nakubali si lazima ubavu wote. Hata kipande cha ubavu kinachoanzia safu ya kwanza na kupanda juu kwa wima kinatosha, kuliko kuwapa safu zote za mviringo kule nyuma. Kikiwa cha wima, ngazi chache zinakihudumia, midomo ya kuingilia inajulikana, unaweka mtu wa kuskani pale pale mlangoni mwa jukwaa. Hilo ndilo ningelibadilisha kwanza kabla ya lolote. Skani ya pili kwenye mdomo wa jukwaa, siku ile, ingemrudishia yule binti namba 11 yake.

#10 Mdau wa kitengo

Ninafanya kazi na wanafunzi wenye ulemavu, kuna jambo mmelipita.

Sheria ya Marekani ina hesabu kamili. Uwanja mpya wenye viti zaidi ya 5,000 lazima uwe na nafasi 36 za viti vya magurudumu, na moja zaidi kwa kila viti 200 vinavyoongezeka. Uwanja wa laki moja ni nafasi kama 511. Kila nafasi na kiti cha mwenzake pembeni. Na palipo na watazamaji wanaosimama, mwenye kiti cha magurudumu lazima aweze kuona juu ya vichwa vya waliosimama mbele yake. Jukwaa la wanafunzi ndilo mahali watu wanasimama kuliko pote! Lakini mara nyingi nafasi zinakutwa upande wa wazee na wafadhili, kwa hiyo mwanafunzi mwenye kiti cha magurudumu anatazama mechi na babu za watu huku darasa lake zima liko upande wa pili wa uwanja. Nambari imetimia, kijana ametengwa.

Na kiti kimoja cha mwenzake hakitoshi. Ana marafiki watano kama wengine.

#11 Mleta uzi

Hili sikuliandika na ilibidi niliandike. Kwenye jukwaa langu kulikuwa na jukwaa dogo la zege kwenye mdomo wa kuingilia, nafasi nne. Kila bao likipatikana watu walikuwa wanasimama mbele yake kwenye njia. Kazi yangu ilikuwa kuwasogeza, na mara nyingi nilichelewa. Asante kwa kunikumbusha.

#12 Mzazi

Wanangu, nimesoma yote. Binti yangu anaanza Agosti kwenye chuo kimojawapo cha hivyo vikubwa, hajawahi kuona mchezo huo. Anunue tiketi ya msimu au asubiri? Naogopa kidogo baada ya kusoma habari za kubanwa.

#13 Mleta uzi

Mama, shikamoo. Usiogope, mechi nyingi zinakwisha salama na atazipenda. Mwambie haya.

Tiketi za msimu za wanafunzi zinauzwa mapema, pengine kabla hata hajafika chuoni, na kwingine kila mwaka wa masomo una siku yake. Afungue barua pepe ya chuo kila siku kuanzia sasa, hapo ndipo tangazo litakapokuja. Kwingine ni kura, anajiandikisha kwa kila mechi, na akishinda asiache kwenda, maana vyuo vingi vinaandika asiyefika. Akishindwa kwenda, aihamishe kwa mwanafunzi mwenzake kwenye mfumo wa chuo. Asimuuzie mlanguzi wa nje. Tiketi ya mwanafunzi inakwenda na kitambulisho, mgeni atazuiwa getini na jina litakalobaki kwenye mfumo ni la binti yako.

Kama wanaruhusu kundi, ajiandikishe na wenzake anaoishi nao. Mechi ya kwanza asikimbilie safu za chini, apande katikati, karibu na ngazi, ataona mchezo vizuri zaidi na atajua njia ya kutokea. Mechi ikiisha na watu wakaanza kuteremka kwenda uwanjani, abaki alipo, ashike benchi, wapite.

Novemba avae soksi mbili na atafute kipande cha boksi akanyagie. Alumini inanyonya joto miguuni vibaya sana.

#14 Mzazi

Marahaba mwanangu. Nimemtumia uzi wote. Anauliza kile kipande cha boksi wanaruhusu kuingia nacho?

#15 Mleta uzi

Begi kubwa hawaruhusu, sehemu nyingi lazima liwe la plastiki linaloonyesha vilivyomo. Boksi akilikunja na kuliweka chini ya koti, mimi sikuwahi kumzuia mtu.